Maji ya Maua

Kabla ya vita kufika kwetu, kazi yangu ilikuwa kukata maua na kuyafikisha stesheni ya Dodoma yakiwa hai. Nikisimulia hivyo leo, wajukuu zangu hudhani natania. Kwetu Ugogo maua hayakuwa kitu cha kukata. Yalichipuka baada ya mvua, ng'ombe wakayakanyaga, basi. Lakini kule Makutupora, ambako maji hayako mbali chini ya ardhi, alikaa Mjerumani mmoja mzee. Alikuja na kazi ya reli, na reli ilipopita Dodoma kuelekea magharibi, yeye alibaki. Alichimba kisima, akazungusha ua wa miiba, akapanda waridi, na maua mengine meupe madogo yenye kingo zilizochanikachanika na harufu kama ya karafuu. Mke wake alikuwa amekufa kwa homa. Alizungumza Kiswahili polepole, kama mtu anayepita juu ya mawe.

Kila wiki maua yake yalipanda gari moshi kwenda Dar es Salaam, kwenye meza za mabwana wakubwa na kwenye kanisa lao. Waliomfanyia kazi hiyo walikuwa wawili tu, mimi na mume wangu. Mume wangu alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa, Mwislamu, aliyeshuka Dodoma kubeba mataruma ya reli. Ndugu zangu hawakupenda nimpate mtu asiye na ng'ombe na anayesali kwa kuinama. Mimi nilimpenda kwa utulivu wake. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, hata akiumia.

Mwanzoni maua yetu yalikuwa yakifika pwani yamekufa. Tenga lilirudi tupu na karatasi ndani, Mjerumani akaisoma, akatutazama na kusema neno moja, "Yamelala." Ikabidi tujifunze. Tuligundua kwamba ua lililokatwa jua likiwa limepanda haliponi, hata ulifanyie nini, kwa hiyo tukawa tunakata alfajiri, umande haujakauka. Tulikata waridi likiwa bado tumba, limeanza tu kuonyesha rangi. Shina tulilitumbukiza kwenye maji mara moja, kisha tukalikata tena humohumo ndani ya maji, kwa mshazari, ili lisivute hewa. Majani ya chini tuliyang'oa yote, maana jani likizama majini linaoza na maji yanavunda. Kipande cha mkaa ndani ya kibuyu kilisaidia maji yasinuke.

Safari moja tuliweka matenga yetu kwenye behewa karibu na mizigo ya mapapai yaliyoiva. Karatasi iliyorudi ilisema waridi zote zilidondosha petali njiani. Tuliposafirisha tena mbali na matunda, hazikudondoka. Hatukujua sababu. Tangu hapo mume wangu hakuruhusu hata embe moja kukaribia matenga yetu, na mkuu wa stesheni alimcheka kwa hilo.

Yeye ndiye aliyebuni namna ya kufunga. Alichagua vibuyu vidogo vyenye shingo nyembamba, akatia maji, akasimamisha mashina saba au manane katika kila kimoja, akaziba shingo kwa nyuzi za gome la mbuyu zilizolowa. Vibuyu vilipangwa ndani ya tenga, na tenga likafunikwa gunia lililolowa. Upepo ukipita kwenye gunia, ndani panakuwa baridi kama kisimani. Lakini gunia lazima liwe na maji wakati wote. Watu wengi hudhani maua ndiyo yanayokunywa. Kinachokunywa ni gunia.

Hayo yote yalitufaa kwa miaka michache. Kisha vita vikaanza.

Sisi hatukuviona mara moja. Tuliviona kwenye matenga. Kwanza karatasi ziliacha kuja. Kisha tenga moja likarudi halijafunguliwa, maua yamo ndani, meusi, yameshikamana kama nywele zilizolowa. Wiki iliyofuata lilirudi tenga lenye harufu kali ya dawa, na kwenye kitako chake palikuwa na doa la kahawia ambalo mume wangu alilisugua kwa mchanga bila kuniambia kitu. Mjerumani alilitazama, akasema tusilitumie tena. Tuliliacha nyuma ya nyumba, na mbwa wake hakulikaribia.

Baada ya hapo maagizo yalibadilika. Rangi nyekundu hazikutakiwa tena. Boma la Dodoma lilitaka maua meupe tu, na hayakupanda gari moshi, maana mabehewa yalijaa askari na farasi. Yalikwenda hospitali na makaburini. Nilianza kujua habari za vita kwa idadi ya maua meupe tuliyotakiwa kukata. Yakiwa machache, nilipumua. Yakiwa mengi, nilikata bila kutazama uso wa mume wangu, naye bila kutazama wangu.

Siku moja alipeleka maua hospitali ya Dodoma peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa na homa. Hakurudi. Asubuhi iliyofuata nilijikongoja hadi Dodoma. Matenga yake niliyakuta yamesimama kando ya ukuta wa hospitali, yamepangwa vizuri, magunia yamekauka kabisa. Mwanamke aliyekuwa akiuza uji pale ndiye aliyenieleza.

"Askari walifunga njia pande mbili," alisema. "Kila mwanamume aliyekuwa na mabega walimchukua. Wa kwako aliwaambia yeye ni mtu wa maua. Walimwambia atabeba kitu kizito kuliko maua."

"Wamewapeleka wapi?"

"Kaskazini. Njia ya Kondoa."

Mjerumani aliandika barua kwa boma, haikujibiwa. Aliandika nyingine, haikujibiwa. Nikaendelea na kazi peke yangu, nikikata, nikifunga, nikilowesha. Nilizoea kuamini kwamba maadamu maua yanatoka shambani, mume wangu naye yuko hai mahali fulani. Halikuwa wazo lenye maana, lakini ndilo lililonifanya niamke.

Kiangazi cha mwaka wa pili wa vita, askari wawili walikuja shambani na amri kutoka bomani. Mkubwa mmoja wa jeshi alikuwa amekufa kwa homa kwenye kambi ya Kondoa. Ameshazikwa, lakini siku fulani msalaba wa jiwe utasimikwa juu ya kaburi lake, na mke wake aliyeko pwani ameomba kaburi liwe na maua siku hiyo. Maua hayo yaende kwa miguu, safari ya siku tano.

Mjerumani alitazama jua. "Siku tano katika jua hili haiwezekani," alisema.

"Inawezekana," nilisema. "Si waridi. Yale madogo yenye harufu ya karafuu. Lakini niende mimi mwenyewe."

Alinitazama, akajua ninachokitaka. Asubuhi alinipa barua iliyofungwa kwa nta.

"Humu nimeandika kwamba mumeo ni mtu wangu wa kazi, na namwomba arudishwe," alisema. "Mpe mkubwa wa kambi. Lakini sikiliza, mama. Maua yakifika mazuri, ataisoma akiwa na moyo mwema. Yakifika yamekufa, usimpe barua. Rudi nayo."

Tuliondoka watu sita. Wanaume wanne walibeba matenga mawili kwenye mipiko, askari mmoja alitangulia, na mimi nilitembea kati ya matenga nikiwa na kibuyu kikubwa cha maji kichwani. Vibuyu vingine viwili vikubwa vilining'inia kwenye mipiko. Maji ya watu yalikuwa kwenye mfuko wa ngozi aliobeba askari. Maji ya maua yalikuwa yangu.

Siku mbili za kwanza tulikuta visima. Lakini vijiji nilivyovijua tangu utoto vilikuwa kimya. Mazizi yalikuwa wazi na hayakuwa na samadi mbichi. Katika tembe moja nilimkuta bibi kizee ameketi mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Nilimwuliza watu wako wapi.

"Ng'ombe walichukuliwa kwanza," alisema. "Kisha wanaume wakawafuata ng'ombe." Halafu akayaona matenga, akauliza tumebeba nini. Nilipomwambia, alivuta nguo yake akajifunika uso, akabaki hivyo mpaka tukapita.

Siku ya tatu ilikuwa ile sehemu kavu, ambako kutoka kisima hadi kisima ni mwendo wa kutwa nzima. Kufikia adhuhuri hapakuwa na kivuli isipokuwa chetu wenyewe. Nililowesha magunia kila tulipopita umbali wa mashamba mawili au matatu, na kila mara yalikauka kabla sijafunga kibuyu. Nilipiga hesabu ya maji kichwani. Yangetosha, mradi nisikosee hata mara moja.

Tuliwaona kwanza kama vumbi. Kisha tukawaona tai, wakizunguka chini kuliko kawaida, wakilifuata lile vumbi. Kisha tukawaona watu. Walikuwa wapagazi wagonjwa wanaoteremshwa Dodoma. Wengine walitembea kwa fimbo, wengine walishikana mabega, na nyuma yao palikuwa na machela sita zilizofunikwa nguo kwa ajili ya jua. Waliobeba machela nao walikuwa wagonjwa. Njia ilikuwa nyembamba, ikabidi tusimame pembeni wapite.

Mmoja wa waliotembea alisimama mbele yangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na macho yake yalikuwa kwenye kibuyu changu, ambacho kilikuwa kikidondosha matone.

"Dada, tupe maji," alisema.

Nilimtazama askari wetu. Yeye alitazama pembeni. "Mfuko wangu umebakiza ya kutufikisha sisi tu," alisema. "Hayo uliyo nayo umekabidhiwa wewe. Mimi nalinda njia."

Kwa hiyo nisiseme nililazimishwa. Nilikuwa na barua kifuani, imefungwa kwa nta, na kila tone lililobaki nilikuwa nimeshalipangia mahali pake. Nilifikiri, nikianza na huyu mmoja nitawanyimaje wengine arobaini. Nilifikiri, kisima kiko mbele yao, watafika. Nilimfikiria mume wangu kambini, akingoja.

"Haya si ya kunywa," nilisema. "Ni ya maua."

Hakubishana. Aligeuka akalitazama tenga, maua meupe yakichungulia chini ya gunia, mabichi, yakinukia. "Maua," alisema, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Kisha akaendelea kutembea. Machela zilipita moja baada ya nyingine karibu nami, karibu kiasi cha nguo zake kugusa mkono wangu. Zilipokwisha kupita nilifungua kibuyu nikalowesha magunia. Sikumwaga hata tone.

Siku ya tano, kabla ya jua kuwa kali, tulifika kambini chini ya milima ya Kondoa. Mkubwa wa kambi alitoka mwenyewe. Aliinua gunia, akainama, akanusa. Alikuwa mtu mrefu mwenye rangi ya manjano machoni, na nilipomwona nilijua naye homa imeshamwandama.

"Mazuri," alisema. "Kama yamekatwa leo."

Nikampa barua. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, akamwita karani wake, mtu wa pwani aliyevaa kanzu safi mahali ambapo hakuna kingine kilichokuwa safi. Karani alifungua daftari, akashuka na kidole ukurasa hadi ukurasa. Nakumbuka kucha ya kidole kile. Kilisimama.

"Yupo," alisema. "Lakini hapa hayupo. Aliugua tumbo. Ameteremshwa na wagonjwa siku nne zilizopita."

"Kwa njia ipi?" niliuliza.

"Kwenda Dodoma? Njia ni moja, mama."

"Alikuwa anatembea?"

Karani alitazama tena daftari. "Machela," alisema.

Sikulia. Nadhani nilisema asante. Mkubwa aliandika cheti kwamba mume wangu amerudishwa kwa mwajiri wake, akapiga muhuri, akanipa, kwa kuwa maua yalikuwa mazuri. Sikungoja kuona yakiwekwa juu ya kaburi. Nilikwenda mtoni nikajaza vibuyu vyote, vikubwa na vidogo, hata vile vilivyobeba maua, nikaosha mkaa ukatoka, nikavifunga mgongoni na kichwani nikaanza kurudi. Mmoja wa wale wabebaji wanne, mtu mzima wa kwetu Makutupora, aliniona nikiondoka. Aliniuliza nakwenda wapi peke yangu na mzigo ule. Nilipomwambia, alichukua nusu ya vibuyu, akanifuata.

Tulikwenda kwa mwendo ambao sijui miguu yangu iliupata wapi. Kesho yake mchana tulifika mahali tulipopishana nao. Nilipajua kwa sababu ardhi ilikuwa bado na alama za matenga tuliyoyatua. Hatua chache mbele, kando ya njia, kulikuwa na marundo mawili ya miiba yaliyokatwa upesi na kutupwa juu ya udongo mpya. Tai walikuwa wamekaa kwenye mti mkavu, wanne, wakitutazama.

Mwenzangu alisema, "Usifunue."

Sikufunua. Tulipita, na mbele yetu tukakuta rundo la tatu.

Tuliwakuta kisimani. Walikuwa wamefika pale siku ile ya kupishana, jua likizama, na kwa kuwa wengi hawakuweza kuendelea, mnyapara wao alikuwa amewaacha walale chini ya migunga na kwenda kuomba watu wa kuwabeba. Machela zilikuwa chini, nne. Nilifunua nguo ya kwanza, akawa mtu nisiyemjua. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na mzee ambaye alinishika mkono akaniita kwa jina la binti yake, nikamwacha anishike kidogo. Mume wangu alikuwa katika ya nne.

Alikuwa mwepesi kama mtoto. Ngozi ya uso ilikuwa imevutwa nyuma, meno yamejitokeza, lakini macho yalikuwa yake. Nilimtia maji mdomoni kidogo kidogo, kwa kibuyu kile cha shingo nyembamba alichokichagua yeye mwenyewe zamani. Alikunywa. Kisha nikawapa wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, ingawa kisima kilikuwa karibu na hawakuwa na kiu tena. Nilipokuwa nikigawa nilimtafuta yule aliyeniita dada. Niliangalia nyuso zote, mara mbili. Hakuwapo, na sikuuliza.

Tulimfikisha Makutupora baada ya siku tatu. Mjerumani alimpa chumba kizuri na dawa aliyokuwa nayo, mimi nikampa uji wa uwele na maji ya mchele ulipopatikana. Alikaa miezi mitatu bila kusimama vizuri. Wakati huo maagizo ya maua meupe yalizidi, kisha mwaka uliofuata ghafla yakakoma, kwa kuwa waliokuwa wakiagiza walikuwa wamekimbia. Wakaja Waingereza. Walimchukua yule mzee pamoja na sanduku lake moja, na aliponiaga alinipa mkono kama nilivyoona Wazungu wakipeana wao kwa wao. Sikumwona tena. Bustani ilikufa kiangazi kilekile walichokuja. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kuvutia maji kitu kisicholiwa, maana njaa ilikuwa imeshaingia, njaa ambayo sitaisimulia hapa.

Tulihamia kwao, milimani Kondoa, ambako angalau palikuwa na ndugu na mihogo. Tulizaa watoto wanne, wawili wakakua. Alirudi kuwa mtu wa utulivu, na kwa kuwa hakuwahi kuuliza kuhusu ile safari, mimi nilijiambia kwamba siku ile alikuwa hana fahamu, kwamba hakusikia chochote chini ya ile nguo. Nilijiambia hivyo kwa miaka kumi na zaidi.

Siku moja tulikuwa tunapalilia mtama, sisi wawili tu, yeye mstari wake na mimi wangu. Alisimama kupumzika, akaegemea jembe.

"Siku ile njiani nilikusikia," alisema.

Nilijua siku ipi. Niliendelea kulima kidogo, kisha nikalaza jembe.

"Mbona hukuniita?"

Alifikiri kabla ya kujibu, kama alivyokuwa daima. "Sauti nilikuwa nayo kidogo. Lakini niliogopa. Ungenisikia, labda ungeninyima na mimi mbele ya wenzangu. Au ungenipa mimi peke yangu, nao wakitazama. Nililala pale nikishindwa kujua lipi litakuwa baya zaidi, na mara mkawa mmeshapita."

"Yule aliyeniomba," nilisema. "Alikuwa nani?"

"Alikuwa amenibeba mimi," alisema. "Alikuwa upande wa mbele wa machela yangu tangu kambini. Aliiacha kwa mwingine ili aje kukuomba."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumtazama. Alitemea mate viganja vyake, akashika jembe. Nami nikashika langu. Tulimaliza ile mistari miwili, tukahamia mingine.